Chokaa ya Chumba cha Harusi

"Fumba macho, wifi. Fumba kabisa, usichungulie!"

Nikafumba. Biasha, dada wa mchumba wangu Haruna, alinishika mkono akanipitisha uani, akanipandisha kile kilima ambacho nyumba yao imejengwa juu yake, akanivusha kizingiti. Ilikuwa Jumanne alasiri, siku tatu kabla ya ndoa yangu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeshuka kwenye boti kutoka Nyamisati, begi mgongoni, miguu ina tope la Mbuchi mpaka magotini.

"Haya, fumbua!"

Chumba kilikuwa cheupe. Cheupe pe! Zile kuta za miti na udongo nilizoziacha mwezi uliopita zikiwa na masizi mpaka juu, sasa zilikuwa zinang'aa hadi macho yanauma. Samadari mpya imetandikwa, chandarua kimefungwa kwa utepe mwekundu.

"Mashallah," nikasema, na nilisema kwa moyo wangu wote. "Mmetaabika, jamani."

"Siku nne, wifi! Mama hakutaka chokaa ya dukani. Kasema ya dukani inabanduka, watu watamcheka. Hii imechomwa hapa hapa nyumbani, chokaa ya makombe, ya kizamani."

"Makombe yenyewe mmeyatoa wapi?"

Niliuliza hivi hivi tu, kwa kutaka kumsifu zaidi.

"Si yale ya kwenye viroba, nyuma ya jiko? Yalikuwa makavu, safi, hata hatukusumbuka kuyaosha."

Sijui nilitokaje mle chumbani. Najikuta nyuma ya jiko, kwenye kibanda nilichokiacha na viroba tisa vimepangwa juu ya mbao, vimefunikwa turubai, vimefungwa kwa kamba yangu mwenyewe. Pale palikuwa na mbao na kuku mmoja anaparura. Viroba wamevifua! Vimeanikwa uani kwenye kamba ya nguo, na mwandiko wangu wa kalamu nyeusi bado unasomeka: Mbuchi, sentimita sifuri mpaka ishirini. Mbuchi, ishirini mpaka arobaini. Mpaka cha tisa.

Najua yuko atakayesema, lo, makombe tu hayo, mtoto wa watu analilia makombe. Basi huyo na anisikilize. Ganda la kombe hukua kidogo kidogo, na kila linapoongezeka linashika hali ya maji ya siku zile: yalikuwa na joto au baridi, yalikuwa na chumvi kali au mto ulikuwa umeyazimua. Matumbawe nayo ni hivyo hivyo, kila mwaka yanaongeza mstari wake mmoja. Kazi yangu mimi ni kuisoma hiyo mistari, nijue bahari ilikuwaje kabla ya babu zetu kuzaliwa. Matumbawe yangu ya Mafia yako salama chuoni, Dar, lakini yenyewe yanajua habari za bahari tu. Habari za huku mto unakokutana na bahari zilikuwa kwenye kilima hiki hiki cha Mbuchi chenye nyumba ya kina Haruna, ambapo watu wa kale walikula makombe wakatupa maganda mahali pamoja, kizazi juu ya kizazi. Nilikichimba upande wa mtoni kwa siku kumi na moja, tabaka moja moja. Masika yakaja, mto ukaufagia upande ule wote na shimo langu ndani yake.

Kwa hiyo vile viroba tisa ndivyo vilivyobaki. Nafasi ya maabara niliyoingojea miaka miwili ilikuwa baada ya wiki nne. Bila viroba hakuna vipimo, bila vipimo hakuna shahada, na miaka mitatu ya maisha yangu imepakwa ukutani. Maana kombe likishapita motoni linasahau kila kitu.

"Nani kafanya hivi?" nikauliza. "Nani?"

Biasha alikuwa amenifuata, uso umemshuka. "Wifi, kwani yalikuwa ya nini?"

"Nimeuliza nani!"

Bi Hadija, mama yake Haruna, akatokea mlangoni pa jiko. Mikono ameiviringisha kwenye kanga yake tumboni, midomo ameikaza. Nilipomsalimia "shikamoo", aliitikia polepole, akaniangalia mimi, akaviangalia viroba kwenye kamba.

Mimi na Bi Hadija tulikuwa na yetu. Mwaka mzima alikataa posa. Mshenga akija, jibu lilikuwa moja: "Mke gani huyo anazama baharini na wanaume kavaa mpira unaombana, anarudi na mawe? Mwanangu anataka mke au anataka fundi mwashi?" Nilipokuja kuchimba, alitoka nje akachora mstari kwa kisigino, hatua moja kutoka ukutani, akasema, "Hapa usivuke. Chini ya nyumba ya watu hapachimbwi." Sikuvuka hata kwa kidole. Na posa ilipokubaliwa, nikamwita mama kwa furaha, akanirudisha nyuma: "Niite Bi Hadija. Umama utakuja na ndoa." Nikameza. Nimeyameza mengi mimi kwa ajili ya mwanawe.

"Bi Hadija," nikasema, "viroba vyangu vimechomwa."

Akafungua kinywa. Kabla hajatoa neno, Haruna akaingia uani kwa kasi, ameshika spana, jasho linamtiririka. Nadhani alisikia kelele zangu tangu gati. Na hata hasira ile ilivyonipanda, moyo wangu mpumbavu uliruka ulipomwona. Wiki tatu sikuwa nimemtia machoni.

Alivitazama viroba. Akamtazama mama yake, kitambo kidogo, kisha akanigeukia.

"Nimechoma mimi," akasema.

"Umesema?"

"Mwana, nimechoma mimi. Usimseme mtu mwingine."

Afadhali angenipiga na ile spana. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningesema hajui, na asiyejua maana haambiwi maana. Lakini Haruna! Haruna ni fundi wa injini za boti. Ndiye aliyeendesha mashine ya hewa kule Mafia nilipokuwa chini natoboa tumbawe, akikaa ameinama juu ya maji, haondoi macho kwenye mapovu yangu mpaka niibuke. Ndiye aliyenisindikiza hospitali ya Kibiti kupiga vipande vya tumbawe eksirei ili tuione mistari yake. Mpiga picha akauliza, "Mgonjwa anaitwa nani?" Haruna, bila kucheka, akajibu, "Andika Tumbawe binti Bahari. Umri, miaka mia mbili." Pale ndipo nilipompenda, kwenye benchi, katikati ya wagonjwa wa kweli, nacheka mpaka muuguzi ananikemea. Ndiye aliyekuwa akifuta mikono yake kwa tambara mara mbili kabla hajagusa kitu changu.

"Wewe?" nikasema. "Wewe uliyekaa nami shimoni siku kumi na moja? Wewe uliyekuwa unanisomea futi, 'Dokta, sentimita sitini hii, badilisha kiroba'? Wewe ndiye umeyatia moto?"

"Nilidhani umeshamaliza nayo."

"Ulidhani! Nimalize nayo lini, na hayajafunguliwa? Nilikwambia kwenye simu wiki iliyopita, Haruna, nikishaolewa Ijumaa, Jumatatu tunavipakia viroba pamoja. Ukaniambia nini? Nauliza, ukaniambia nini?"

"Nilikwambia sawa."

"Ukaniambia 'sawa, Dokta wangu.' Kumbe unaniita Dokta huku udokta wenyewe unaupika kwenye tanuri!"

"Mwana, punguza sauti. Majirani."

"Waje! Waje wote waone chumba cheupe! Nitawatembeza ukutani niwaonyeshe: hapa pana miaka mia, hapa pana mafuriko ya kale, na huko juu karibu na dari ndiko kulikokuwa na jibu la shamba la mpunga la mama yako lililokufa kwa chumvi. Si mwenyewe aliniuliza kama chumvi ilishawahi kupanda hivi zamani? Jibu lilikuwa kwenye kiroba, Haruna. Sasa akalikwangue."

Bi Hadija alitikisika kidogo. Haruna akasogea mbele yake, nusu hatua, kama mtu anayekinga upepo.

"Nimekosa," akasema. "Sina la kusema zaidi. Nimekosa, nisamehe."

"Huna la kusema? Mtu anachoma miaka mitatu ya mwenzake hana hata sababu? Basi mimi ninalo." Nikaivuta pete kidoleni. Ilinikatalia kwenye kiungo, nikaivuta tu, ikatoka na ngozi. "Ndoa hakuna. Mwambie mshenga. Waambie waliokwisha kununua mchele. Mwanamume asiyeweza kutunza viroba tisa nyuma ya jiko la mama yake hawezi kunitunza mimi."

"Mwana..."

"Shika pete yako!"

Akanyoosha mkono. Nilikuwa naiangusha pete kiganjani mwake nikakiona kile kiganja.

Kazi yangu, jamani, ni kusoma vitu visivyosema. Kiganja cha Haruna kilikuwa na oili nyeusi kwenye mikunjo, kucha zina grisi, na ngozi ilikuwa nzima. Nzima kabisa, laini ya mtu wa mafuta. Na mtu akichoma makombe, akayamwagia maji, akayakoroga, akayapaka kuta nne kwa siku nne, chokaa haimwachi hivyo. Inakula ngozi. Mimi niliishika siku moja tu chuoni nikamenyeka wiki nzima.

Nikaifumbata pete ngumini mwangu. Nikampita Haruna.

"Bi Hadija, naomba nione mikono yako."

"Mwana, acha," Haruna akasema.

"Sijazungumza na wewe."

Si jambo la kawaida, mkwe kumwamuru mkwewe, nami nilijua, na sikujali. Bi Hadija akaifungua ile kanga. Viganja vilikuwa vimepasuka, vyekundu, vidole viwili vimefungwa bandeji ya zahanati iliyopakwa dawa.

"Haruna alikuwa Nyamisati," akasema. "Wiki mbili, na injini ya watu. Karudi jana. Tena aliniambia tangu mwezi wa pili, mama, viroba vile usiguse. Nikagusa."

"Mama, si tulikubaliana..."

"Sikukubaliana na wewe. Umeropoka mwenyewe, nami nikakaa kimya, na kukaa kimya ndiko kulikoniaibisha." Akanigeukia. "Kuni nilikuwa nazo, makombe sina. Ya kuokota siku hizi hayajazi ndoo. Nikaviangalia viroba vyako siku ya kwanza, siku ya pili. Nikasema, mwenyewe ndiye anayeolewa, chake kinaingia chumba chake, kosa liko wapi? Nilikusema mwaka mzima kwa watu, mwanamwali wa kwao Chumbi huyu, mtu wa mawe. Mji mzima umenisikia. Nilitaka Ijumaa wakiingia waone nimekupokea kwa mikono yangu. Basi."

Biasha alikuwa analia. Ningekuwa mtu wa kulainika, pale ndipo ningelainika. Sikulainika. Nasema kweli, hasira yangu ilipata miguu mingine.

"Kwa nini hamkuniuliza?" nikasema. "Simu ninayo! Biasha ananipigia kila siku kuniuliza ukubwa wa viatu, rangi ya hina, kama nakula pweza. Makombe, hakuna aliyeuliza. Kuuliza kunagharimu nini?"

"Ungeniambia usichome," Bi Hadija akasema.

"Ndiyo! Ningekuambia usichome!"

"Basi ndiyo maana."

Nikamwacha. Nikamgeukia Haruna.

"Na wewe! Siku tatu kabla hujakaa mbele ya sheikh unanitazama machoni unanidanganya. Ulitaka nikuchukie?"

"Ndiyo," Haruna akasema.

"Ndiyo nini?"

"Bora unichukie mimi. Mimi nitakubembeleza, mwaka, miaka miwili, mpaka uchoke kununa. Mama hajui kubembeleza. Ukimchukia yeye, nitakaa katikati yenu mpaka nizeeke." Akaiangalia ile kamba ya nguo. "Nilivyoviona viroba kwenye kamba jana nilikaa pale chini, Mwana. Sikula. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia, sikuipata. Nikasema basi, nibebe mimi."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitamani kumshika uso. Nilitamani pia kumpiga kofi, na sijui lipi lilinizidi.

"Kwa hiyo mimi ni mjinga wa kubembelezwa," nikasema. "Mnakaa mama na mwana mnapanga nani nimchukie, na mimi nikiwa nje ya mpango. Hiyo ndiyo ndoa? Maji yakijaa boti inarudi Nyamisati, nami nitakuwemo."

Nikaliweka sawa begi langu mgongoni. Hakuna aliyenizuia. Haruna alisimama palepale na spana yake, mkono bado umenyooka nusu kwa ajili ya pete ambayo sikumpa. Nilikuwa nimefika ukingo wa uani niliposikia kitu kizito kinaburuzwa ndani.

"Mama!" Biasha akapiga ukelele. "Mama, unafanya nini?"

Nilirudi mbio, Haruna mbele yangu. Bi Hadija alikuwa ndani ya chumba cheupe. Samadari ameisukuma mpaka mlangoni na shuka zake mpya, na mkononi ameshika jembe.

"Marehemu mume wangu Shaabani alipochimbia nguzo ya pembe hii," akasema, wala hakututazama, "alitoa makombe kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Nilimpikia chai mara mbili. Mto umekula upande wa huko. Upande huu tumeulalia sisi."

Kwa hiyo makombe yaliendelea mpaka chini ya chumba. Nilishawahi kukisia, ndiyo. Kila nilipolala shimoni nikiangalia yale matabaka yanavyoingia chini ya ukuta nilikisia. Lakini kulikuwa na mstari.

"Ulinichorea mstari," nikamwambia.

"Niliuchora mimi. Naufuta mimi."

Akaliinua jembe kwa mikono ile iliyochubuka, akalishusha. Sakafu iliyosiribwa wiki ile ile ikapasuka. Pigo la pili, udongo mweusi ukaruka ukachafua ukuta mweupe kutoka chini hadi usawa wa kifua. La tatu likatoa mlio nilioujua hata nikiwa usingizini, mlio wa chuma juu ya makombe.

"Mama, chumba!" Biasha akalia. "Wageni Ijumaa!"

"Nyamaza weye. Wageni watakula pilau, hawali ukuta."

Akainua tena.

"Acha!" nikapiga kelele. "Simama hapo hapo! Usichimbe hivyo!"

Nikaruka samadari, nikamnyang'anya jembe. "Unavuruga matabaka! La juu linaingia la chini, halitasomeka tena! Haichimbwi kwa jembe hii!"

"Inachimbwa kwa nini?"

"Kwa mwiko wa fundi na burashi, sentimita ishirini ishirini, na kila ishirini na kiroba chake!" Nilikuwa nimeshapiga magoti, begi nimeshalifungua, vitu vyangu vinamwagika sakafuni. "Haruna! Usisimame hapo kama nguzo. Kaniletee vile viroba kwenye kamba. Kwa mpangilio! Na usidhani nimekusamehe, sijakusamehe."

"Na pete?"

"Pete iko ngumini mwangu. Ulitaka iwe wapi?"

Aliondoka mbio. Nilimsikia uani anagonga ndoo, anaanguka nayo, anaamka.

Bi Hadija akajishusha taratibu upande wa pili wa shimo, akakaa chini kwenye udongo na kanga yake safi. Nikaufagia mchanga kwa burashi, nikaingiza ncha ya mwiko chini ya kombe la kwanza, nikalitoa. Lilikuwa zima, la kijivu, mistari yake imejipanga vizuri kutoka mgongoni mpaka ukingoni. Akakinga viganja vyake viwili. Nikasita kidogo, kisha nikamwekea.

Akaligeuza. Akalisogeza karibu na macho.

"Hili linasemaje?"

"Sijui bado, mama," nikasema, na neno lilinitoka kabla sijalichunguza. "Ila hili halijapita motoni."

Akalifunika kwa viganja vyake, akakaa nalo hivyo hivyo mpaka Haruna alipoleta kiroba.